Katiba Imesema Mtu

Sedley, Kansas
11 Novemba 1979

Kaka yangu Orville,

Pokea salamu zangu, na umpe Wifi Pearl zake kabla hajauliza. Mimi mzima, isipokuwa goti la kushoto, ambalo siku hizi linatabiri mvua kuliko redio. Zabibu kavu mlizotuma zimefika na nusu nimeshazila peke yangu. Ngano imechipua vizuri. Binamu Merle anasema akipata theluji ya kutosha atavuna shamba letu zaidi ya mwaka jana, ila wewe unamjua Merle, kila mwaka husema hivyo.

Shangazi Hulda ametimiza miaka tisini. Nilimpelekea vereniki, zile sambusa zetu za kuchemsha zenye jibini, kule kwenye nyumba ya wazee, akala saba. Kiingereza kimemtoka chote, anaongea Kijerumani cha nyumbani tu, na wauguzi wananitazama mimi niwatafsirie. Royce yuko wapi sasa hivi? Bado yumo kwenye ile meli ya shehena ya jeshi?

Sasa niseme linalonisumbua. Muhula huu nina wanafunzi ishirini na wawili wa kutoka nje, na kumi na wanne kati yao ni Wairani. Nawafundisha historia ya Amerika asubuhi na Kiingereza mchana, watu walewale, kwa hiyo nimeamua kuvichanganya. Vita vya uhuru tunavisoma kwa kitenzi cha wakati uliopita, na Katiba tunaisoma kama kamusi. Wiki iliyopita, ubalozi wetu wa Tehrani ukiwa umeshatekwa, tulikuwa kwenye yale marekebisho ya tano. Binti mmoja wa mji wa Shirazi, Mahin Sohrabi, akanyoosha mkono.

"Mwalimu, hapa wameandika 'mtu'. Mahali pengine wameandika 'raia'. Walikosea?"

"Hawakukosea. Wengi wao walikuwa mawakili. Kila neno walilipima."

"Kwa hiyo hapa mimi ni nani?"

"Hapa wewe ni mtu."

Behrouz, mchekeshaji wetu wa kiti cha nyuma, akadakia: "Mimi jana kwenye kituo cha mafuta niliambiwa ni ngamia. Nikienda tena niwapelekee hiyo karatasi?" Darasa zima likacheka. Mahin hakucheka.

Jana redio imetangaza kwamba wanafunzi wote wa Kiirani nchini wajipeleke ofisi ya uhamiaji kabla ya katikati ya Desemba, wakakaguliwe viza. Usiku wa kuamkia leo dirisha la bweni la wasichana limepigwa jiwe.

Nilimsimulia Shangazi Hulda habari ya jiwe, ili tu nipate la kuongea. Akaniambia: "Watawapaka rangi ya njano, kama walivyompaka Kornelius." Orville, Baba alipakwa rangi lini? Kama mimi sikuwa nimezaliwa, wewe ulikuwepo.

Ndugu yako,
Leota


Bakersfield, California
25 Novemba 1979

Leota,

Salamu tumepata. Pearl hajambo, mimi sijambo. Sikukuu ya Shukrani tulikula bata mzinga tukiwa wawili tu, mimi na yeye, na kiti cha Royce tulikiacha mezani kwa sababu Pearl hakukubali kiondolewe.

Umeuliza Royce yuko wapi. Meli yao imegeuzwa, inaelekea Bahari ya Arabu. Hatukuambiwa zaidi. Tulimpata mtoto huyu mmoja Pearl akiwa na miaka thelathini na tisa, na daktari alikuwa ameshatukatisha tamaa. Sasa mama yake anasikiliza taarifa ya habari amesimama, hakai.

Wewe unanieleza habari ya jiwe dirishani. Watu wetu wamefungwa vitambaa machoni kule, na wewe unawafundisha ndugu za waliowafunga kwamba Katiba ni yao pia. Ni sawa, ni kazi yako. Lakini usinitake nihuzunike kwa ajili ya kioo.

Hulda ana miaka tisini. Usisikilize kila anachosema.

Mwambie Merle mfereji wa upande wa kaskazini unahitaji kuzibuliwa.

Orville


Sedley, Kansas
9 Desemba 1979

Kaka yangu,

Nawaombea wote watatu, na Royce namtaja kwa jina kila asubuhi. Mfereji Merle ameuzibua, kwa manung'uniko. Hapa theluji imeshuka mara moja ikayeyuka. Kwaya ya kanisa inataka niimbe sauti ya pili kwa sababu Bi Wiebe amefanyiwa upasuaji wa koo.

Jumatatu iliyopita niliwapeleka wanafunzi watatu Kansas City kwa gari langu. Tulifika ofisi ya uhamiaji saa mbili asubuhi na mstari ulikuwa umeshaizunguka kona. Behrouz alitoka baada ya dakika kumi, akabusu pasipoti yake mbele za watu. Mahin alikaa ndani saa nzima, hadi nikaomba niingie.

Afisa alikuwa kijana wa umri wa Royce, mwenye tai iliyopinda. Hakuwa mkali, alikuwa amechoka. Akanionyesha kwenye faili kwamba Mahin aliacha somo moja Oktoba, kwa hiyo masomo yake yamepungua chini ya kiwango cha viza.

"Alikatwa kidole tumbo," nikamwambia. "Alilazwa siku kumi na moja. Mimi ndiye niliyemshauri aache fizikia."

"Alitakiwa kuomba kibali kwanza, mama."

"Akiwa kwenye meza ya upasuaji?"

Akatazama karatasi zake. "Chuo kikiandika barua ya kuthibitisha kwamba ni mwanafunzi wake halali, huenda faili hili likafungwa. Bila barua, ataitwa mahakamani."

Keshoye nikaenda kwa Gerald Kessler, msimamizi wa wanafunzi pale chuoni. Suala la barua ya Mahin hakutaka hata kuligusa. Yeye alikuwa na lake.

"Leota, nataka orodha ya Wairani na wanakolala."

"Majina unayo ofisini kwako."

"Wanakolala ndiko sijui. Nusu yao wamehama mabwenini."

"Walihama baada ya mawe, Gerald."

"Kamati ya mji inaomba, kwa usalama wao wenyewe."

"Usalama wa wanafunzi, au wa kamati?"

"Usinitungie mtihani. Wewe ndiye mshauri wao, wanakuambia kila kitu. Nipe hiyo orodha."

Nikamwambia nitaifikiria. Nimeshaifikiria, na simpi.

Wengi wao wamepata mahali pazuri, nashukuru Mungu. Sitaandika ni wapi.

Ndugu yako,
Leota


Bakersfield
6 Januari 1980

Leota,

Heri ya mwaka mpya. Pearl ana mafua. Barua kutoka kwa Royce hatujapata tangu Novemba.

Merle amenipigia simu. Anasema kuna nguo za kike zimeanikwa kwenye kamba yetu, na si za kimo chako. Anasema mapazia ya chumba cha Baba yamefunguliwa, yale yaliyofungwa tangu mazishi. Nilimuuliza kama una mgeni, akacheka cheko lake lile la puani.

Nyumba hiyo nusu ni yangu. Nina haki ya kujua nani analala kwenye kitanda cha Baba. Nijibu moja kwa moja.

Orville


Sedley
27 Januari 1980

Kaka yangu mpendwa,

Poleni kwa mafua. Mwambie Wifi achemshe kitunguu na asali, asidharau. Nimefurahi ulipiga simu Jumapili ukasema kadi ya Royce imefika, hata kama ilikuwa na mistari mitatu tu. Mistari mitatu ni mingi kwa Royce.

Kuhusu chumba cha Baba, ni kweli nimekifungua. Kilihitaji hewa.

Usikasirike. Wewe ndiye uliyenifundisha kwamba usichokiandika hakuna atakayekisoma.

Nikuambie habari za darasani. Nilikuwa nawafundisha jinsi ya kusimulia, nikawapa kazi ya kuandika: siku moja iliyobadilisha nyumba yenu. Mjapani aliandika juu ya tetemeko. Behrouz aliandika juu ya ng'ombe aliyeingia sebuleni kwao, na kwa mara ya kwanza vitenzi vyake vyote vikawa sahihi. Mahin aliandika siku polisi wa siri wa mfalme walipokuja kumchukua kaka yake mkubwa, miaka minne iliyopita. Waligonga mlango kwa adabu, waliita mama yake "mama", na mmoja alivua viatu asichafue zulia. Kaka alirudi baada ya miezi saba, haongei.

Alipomaliza kusoma alikunja karatasi yake. Kisha akaniuliza mbele ya wote, "Na nyumba yenu, Mwalimu? Siku gani iliibadilisha?"

Orville, miaka thelathini na mbili nasimama mbele ya watu nikifundisha historia, na swali hilo nililikwepa. Nikasema sisi ni wakulima, kwetu hakuna kinachotokea isipokuwa mvua ya mawe. Hakuniamini.

Jioni nilienda kwa Shangazi Hulda nikamuuliza waziwazi habari ya rangi ya njano. Akanishika mkono, akasema: "Muulize Orville. Orville anajua nani aliwaonyesha."

Aliwaonyesha nani? Nini?

Leota


Sedley
23 Machi 1980

Kaka,

Sijui kama barua yangu ya Januari ilipotea au umeamua. Niliandika tena Februari. Nikipiga simu anapokea Wifi, ananiambia uko bustanini, hata mvua ikinyesha.

Shangazi Hulda alifariki tarehe nne, akiwa usingizini. Tulikuwa ishirini makaburini. Maua yako nimeyaona.

Kessler amenipa hadi mwisho wa mwezi. Nisipotoa orodha, mkataba wangu wa mwaka ujao haufiki mezani. Barua ya mahakama ya kumwita Mahin imekuja pia: tarehe saba Mei, Kansas City. Merle ameacha kunisalimu kanisani. Anakaa benchi la mbele yetu na naiona shingo yake tu, nyekundu.

Sikuombi unisaidie. Nakuomba unijibu.

Leota


Bakersfield
13 Aprili 1980

Mdogo wangu,

Natumaini u mzima. Pearl mzima. Royce sijui, na asiyejua hasemi.

Juma hili Rais amevunja uhusiano na wale watu na kufuta viza. Nilikuwa na Pearl tukitazama, na mtu kwenye televisheni akasema sasa itajulikana kila mmoja wao yuko wapi. Nikainuka nikatoka nje. Pearl akanifuata akaniuliza nina nini. Sikumwambia. Miaka thelathini na nane ya ndoa sijamwambia. Nakuandikia wewe.

Uliambiwa jicho la Baba liliharibiwa na chokaa. Si kweli.

Ilikuwa Aprili 1918, Jumapili, baada ya chakula cha mchana. Mimi nilikuwa na miaka sita. Baba alikuwa mwalimu wa shule ya Kijerumani, na alikataa kununua hati za mkopo wa kugharimia vita na Ujerumani. Alisema hawezi kununua risasi ya kumpiga mtu asiyemjua. Shule walishaifunga kwa misumari. Siku ile mtu alikuja mbio kuonya, Baba akaenda kujificha kwenye ghala la ngano, chini ya magunia ya mbegu. Mama alikuwa ndani na dada yako Anna, bado mchanga, ambaye hukuwahi kumwona. Mimi waliniambia nicheze barazani kama kawaida.

Walikuja na magari matatu. Wengi niliwajua kwa majina. Hawakupiga kelele. Harvey Stroud, mwenye duka, akachuchumaa mbele yangu hadi macho yetu yakawa sawa. Alikuwa ananipa peremende kila tukienda dukani. Akatoa moja.

"Habari yako, bwana mdogo. Baba yuko wapi? Tuna barua yake."

Nikaonyesha. Sikusema hata neno, niliinua tu kidole nikaonyesha ghala. Na niliona fahari, Leota, kwa sababu mtu mzima ameniuliza kitu na mimi nilikijua.

Walimtoa. Wakamkata ndevu kwa mkasi wa kondoo, wakampaka rangi ya njano kichwani hadi kiunoni, ile ya kupaka mikokoteni, eti ndiyo rangi ya waoga, wakamsimamisha juu ya gari na bendera mkononi aimbe. Baba hakuimba. Rangi ikaingia jicho la kushoto. Mimi nilikuwa barazani na peremende mdomoni.

Hakuwahi kunilaumu. Hakuwahi kulitaja. Ndiyo maana sikuweza kukaa naye nyumba moja. Nilipotimiza kumi na nane nikaja huku, na vita vilipokuja nikavaa sare, mtoto wa kwanza wa kanisa letu, lisiloruhusu kushika silaha, kuvaa. Nilidhani nikivaa ile sare hakuna atakayechuchumaa tena mbele yangu kuniuliza swali.

Sikuambii uwapende Wairani. Mimi mwenyewe siwezi. Mwanangu yuko baharini kwa sababu yao na nikisikia lugha yao redioni nazima. Lakini atakapokuja mtu na adabu zake, akakuuliza yuko wapi, usimwonyeshe. Ulale njaa, usimwonyeshe.

Mjukuu wa Stroud, Lyle, ndiye mwenye duka la pembejeo hapo mjini. Jina nimekupa. Litumie utakavyo.

Chumba cha Baba ni chake anayelala humo. Nusu yangu nakubali.

Orville


Sedley
11 Mei 1980

Kaka yangu Orville,

Nimeanza barua hii mara nne. Barua yako nimeisoma nikiwa nimekaa ghalani, kwa sababu nilitaka kuwa hapo. Nitakuandikia juu yake siku nyingine, kwa utulivu. Leo nikueleze yaliyotokea, maana utayasikia kwa Merle na atayapinda.

Siku helikopta zetu zilipoungua kule jangwani na vijana wanane wakafa, nilijua mtakuwa mnahesabu majina. Wifi aliponipigia kusema Royce si mmoja wao, nililia, na Mahin akalia. Ndiyo, ni Mahin. Yupo tangu Desemba. Sitaficha tena kwako.

Keshoye, Jumamosi, saa tisa alasiri, malori mawili yakaingia uani. Walikuwa wanaume tisa. Nilitoka nikafunga mlango nyuma yangu. Merle alikuwa mbele, lakini nyuma yake alisimama Lyle Stroud, na ndiye aliyemsukuma kwa macho.

"Leota," Merle akasema, "hatujaja kwa ubaya. Tunataka yule msichana aondoke mjini leo. Tutampeleka stendi ya basi sisi wenyewe, hakuna atakayemgusa."

"Vernon Epp," nikasema, "ondoa mguu kwenye maua yangu."

Akauondoa. Sita kati yao niliwafundisha kusoma, Orville, kabla sijaenda chuoni. Lakini sitakudanganya, nilishika nguzo ya baraza.

Lyle akasogea. Akashusha sauti, laini kabisa. "Tuambie tu, Mwalimu. Yumo?"

Ningeweza kusema hayumo. Kwetu hatusemi uongo, na hata kama tungekuwa tunasema, nguo za Mahin zilikuwa kwenye kamba uani. Na jina la babu yake nilikuwa nalo ulimini. Nilikuwa nalitaka sana, kaka. Nilitaka wote wanane wamgeukie wamtazame yeye. Halafu nikaona kwamba hapo nitakuwa nimeinua kidole na mimi. Lyle hakuwa amezaliwa siku ile. Nikalimeza.

"Yumo," nikasema. "Anakanda unga. Na hamumpati."

Hakuna aliyejongea. Sijui ingekuwaje, maana mmoja wa nyuma alikuwa ameshashika kitasa cha lori kama mtu anayetafuta kitu. Ndipo mlango ukafunguka nyuma yangu. Nilimwambia abaki jikoni, lakini yule binti hatii. Unga ulikuwa umemjaa hadi viwiko.

"Nina barua ya mahakama," akawaambia, polepole, kila neno mahali pake. "Imesema nifike tarehe saba Mei. Nikiondoka leo nitakuwa nimevunja sheria yenu. Mnataka nivunje sheria yenu?"

Wakatazamana. Merle akavua kofia, akaivaa tena.

"Merle," Vernon akasema, "huyu anaongea Kiingereza kukushinda."

Mmoja akacheka, akajikaza, akashindwa. Baada ya kicheko hakuna aliyejua afanye nini na mikono yake. Wakaondoka mmoja mmoja. Lyle alikuwa wa mwisho, na lori lake lilipita juu ya sanduku letu la barua, makusudi. Mahin akakaa sakafuni jikoni akashindwa kuinuka kwa nusu saa. Nami nilikaa karibu naye, na goti langu hili, tukashindwa wote wawili.

Merle amesema hatalima shamba letu tena. Kessler ametimiza neno lake. Mwezi huu ni wangu wa mwisho chuoni.

Tarehe saba tulikwenda. Wakili wa serikali aliniuliza chini ya kiapo: "Mshitakiwa anaishi wapi?" Nikajibu, "Kwenye nyumba yangu na ya kaka yangu." Jaji alisoma karatasi za hospitali mara mbili. Akasema hawezi kumrudisha kwenye chuo kisichomtaka, lakini anampa siku thelathini. Akipata chuo kingine kitakachompokea kwa maandishi, abaki. Asipopata, aondoke nchini, na kule kaka yake ameandika kwamba asirudi, wanawakamata wenye kusoma Amerika.

Nimeandikia vyuo vinne vya Kansas. Vyote vinne vimekataa, na kimojawapo hakikutia hata sahihi.

Kaka, sijawahi kukuomba jambo zito. Hapo kwenu kuna chuo. Najua Royce yuko wapi na najua ninachokuomba. Ukikataa sitakulaumu, na sitaliuliza tena.

Leota


SIMU YA MAANDISHI
BAKERSFIELD 16 MEI 1980

MLETE. ORVILLE


Bakersfield
15 Juni 1980

Mdogo wangu Leota,

Salamu kutoka kwetu wote, na sasa wote ni watatu. Joto limeanza, mparachichi wa jirani unatuangushia matunda upande wetu na tunajifanya hatuoni. Pearl amekushonea kitambaa cha meza, atakituma.

Pale chuoni nilikwenda mara tatu. Mara ya kwanza karani aliniambia nafasi zimejaa. Ya pili aliniambia mkuu yuko mkutanoni. Ya tatu nilivaa koti langu la sare ya zamani, ambalo halifungi tena tumboni, nikakaa kwenye kiti cha mapokezi tangu wanafungua. Saa tano mkuu akatoka mwenyewe.

"Mzee, huyu ni nani wako?"

"Mgeni wa nyumba yangu."

"Na karani ananiambia mwanao yuko jeshini?"

"Baharini, karibu na kwao."

Barua akaandika palepale, kabla siku za jaji hazijaisha. Juzi uhamiaji wamepiga muhuri. Ataanza Agosti.

Sasa nikuambie ukweli. Siku alipofika stendi nilikaa ndani ya gari dakika ishirini kabla sijashuka. Nilimwona amesimama na sanduku lake, anatazama kila mzee anayepita, na mguu wangu ulikataa. Hatimaye akaja mwenyewe akagonga kioo. "Wewe ni Bwana Orville," akasema. "Una paji la uso la Mwalimu." Nikashuka nikabeba sanduku lake.

Wiki ya kwanza aliniogopa nami nilimwogopa. Aliona picha ya Royce ukutani akaniuliza, nikamjibu. Akasema kaka yake mdogo amechukuliwa jeshini upande wa kwao. Basi. Royce anarudi Agosti kwa likizo. Hajui bado kwamba chumba chake kina mtu. Nimeandika barua hiyo mara tatu na sijaituma. Nahofia atakachosema, na nahofia nitakachomjibu, lakini nitaituma kesho.

Jumapili Mahin alipika wali wao, ule wenye ukoko wa dhahabu chini ya sufuria, na Pearl akagombania ukoko kama mtoto. Katikati ya chakula Mahin akasema alizoea chumba cha Baba, ila alikuwa anajiuliza kwa nini picha yake ya uzee imepigwa kwa upande mmoja wa uso. Pearl akamjibu, "Jicho moja liliingia chokaa, maskini."

Nikaweka uma chini. Nikasema haikuwa chokaa. Nikalieleza lote, Leota, pale mezani, tangu magari hadi peremende. Sikuwatazama. Nilikuwa nasema na sahani.

Nilipomaliza Pearl akauliza, "Ulikuwa na miaka mingapi?"

"Sita."

"Sita." Akalirudia kama mtu anayepima uzito wa kitu mkononi. "Orville, mtoto wa miaka sita haonyeshi mtu. Anajibu mkubwa aliyemuuliza." Macho yalikuwa yamemjaa, na alikuwa na hasira, nikadhani ni kwangu. Kisha akasema, "Miaka thelathini na nane unanilalia kitanda kimoja na jambo hili katikati yetu!" akanipiga bega kwa kitambaa cha mkono, akanipiga tena, halafu akanishika.

Mahin aliinuka akaninawisha mikono, sijui kwa nini, labda ndivyo wanavyofanya kwao. Nilimwacha.

Usiku ule nililala. Mimi ambaye maisha yangu yote saa kumi na moja alfajiri niko macho, niliamka saa tatu, jua limeshapanda kitandani, nikasikia wanawake wawili jikoni wanabishana juu ya chumvi. Halafu wakanyamaza, na mlango wa chumba ukafunguliwa kidogo. Pearl alidhani nimekufa. Alimtuma Mahin aje aniguse mguu.

Kaka yako,
Orville